Kuona ni Jambo Moja, Kueleza Ulichoona ni Jambo Jingine



Asubuhi ya Februari 19, 1951, ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Saa moja na dakika 20 hivi, ofisa wa redio alimwonesha rubani, Kapteni Jack Bicknell, kitu kinachong'aa juu ya Mlima Kilimanjaro. Kilikuwa kimetulia angani kama nyota. Abiria nao wakachungulia, wengine kwa darubini. Walikitazama kwa zaidi ya robo saa. Mpaka leo wapo wanaosema kilikuwa chombo kutoka nje ya dunia hii, na wapo wanaosema ulikuwa mwanga tu uliopindishwa na hewa ya asubuhi.

Labda unajiuliza, Padre ana shughuli gani na vitu vya angani siku ya Dominika? Nivumilie kidogo. Ubishi huu unafanana sana na ule tunaoufanya katika familia na jumuiya zetu, na huku kwetu unaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Tutazame tukio lililobishaniwa zaidi. Novemba 17, 1986, ndege ya mizigo ya Shirika la Ndege la Japani, Boeing 747 iliyobeba mvinyo wa Ufaransa, ilikuwa juu ya Alaska ikiwa na watu watatu. Kapteni Kenju Terauchi, rubani wa miaka mingi, aliripoti kuona taa za ajabu zikiwa karibu na ndege yake. Baadaye alisema ameona chombo kikubwa mno, kikubwa kuliko meli ya kubebea ndege za kivita. Wenzake wawili waliona taa, lakini hawakukieleza chombo hicho kama alivyokieleza yeye. Waongozaji wa ndege waliomba ndege nyingine ya abiria iliyokuwa karibu iangalie. Marubani wake waliiona ndege ya Wajapani, hawakuona kingine.

Habari ilipotoka, watu waligawanyika. Wa kwanza walisema kwamba rubani mwenye uzoefu hawezi kukosea, kwa hiyo wageni wa sayari nyingine wamefika. Wa pili walicheka. Mwandishi mmoja Mmarekani mashuhuri kwa kupinga habari hizi, Philip Klass, alitangaza kwamba rubani aliona sayari za Mshtarii na Mirihi, na alitangaza hivyo kabla uchunguzi wa serikali haujakamilika. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipomaliza kazi yake Machi 1987, ilisema haikuweza kuthibitisha kile alichokiona kapteni. Alama ya ziada kwenye rada huenda ilikuwa mwangwi wa ndege yake mwenyewe. Terauchi aliondolewa kwenye urubani akapewa kazi ya ofisini, na ilipita miaka kabla ya kurudi angani.

Ndugu msomaji, angalia kwamba pande zote mbili zilifanya kosa lilelile. Kila upande ulikuwa na jibu kabla ya kuuliza maswali. Na pande zote zilichanganya mambo mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa, yaani uaminifu wa mtu na usahihi wa maelezo yake. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa, asiyetia chumvi hata punje, na bado akawa amekosea.

Profesa J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota aliyelishauri Jeshi la Anga la Marekani kwa miaka mingi kuhusu ripoti hizi, alishangaa kugundua kwamba marubani si mashahidi bora kama watu wanavyodhani. Sababu yake inaeleweka. Rubani amefundishwa kukwepa ajali. Akiona mwanga mbele yake usiku, akili yake haikai kuchambua nyota na sayari. Inamwambia kwamba kuna ndege inakuja.

Hilo si nadharia tu. Januari 2011, ndege ya Air Canada ilikuwa ikivuka Atlantiki usiku, kutoka Toronto kwenda Zurich. Rubani msaidizi aliamka kutoka usingizini, akaambiwa kuna ndege ya kijeshi inakuja upande wa pili, futi 1,000 chini yao. Akaangalia nje akaona mwanga mkali, akadhani ndiyo hiyo ndege. Kumbe ilikuwa sayari ya Zuhura. Alipoiona ndege yenyewe, aliamini inashuka kuwagonga, akaiinamisha ndege ghafla. Watu 16 waliumia. Rubani yule hakudanganya. Aliona mwanga kweli, lakini maelezo aliyojipa juu ya mwanga ule ndiyo yaliyowaumiza watu.

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 8, aya ya 22 hadi 26. Yesu yuko Bethsaida, ameletewa kipofu. Anamtia mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwamba anaona watu, lakini wako kama miti inayotembea. Hakusema ameona vizuri ili kumfurahisha Bwana, wala hakusema haoni kitu. Alieleza kile alichokiona, kwa kiasi alichokiona. Na Yesu hakumcheka, wala hakumwacha aende nyumbani akiamini kwamba miti hutembea. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona kila kitu waziwazi.

Niruhusu nikiri jambo. Nilipokuwa paroko msaidizi, kijana bado, katekista wa kigango kimoja alikuja kuniambia kwamba waumini wanaona taa zikitembea makaburini usiku. Nilicheka mbele ya wazee wa kanisa. Nikamwambia, "Katekista, na wewe unaamini mizimu?" Naye alinyamaza. Hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia. Lakini kule kijijini watu hawakunyamaza. Jirani na makaburi aliishi bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na wakaanza kusema taa zile ni zake.

Wiki tatu baadaye ikagundulika kwamba misalaba ya chuma zaidi ya 20 imeng'olewa. Taa zile zilikuwa tochi za vijana waliokuwa wakiiuza kama vyuma chakavu. Bibi yule alikuwa ameshahamia kwa mwanawe kwa hofu. Nilimfuata huko kumwomba msamaha. Akaniambia, "Baba, wao walinituhumu, lakini wewe ulikuwa padre wetu na hukuuliza kitu." Sijalisahau neno lile. Katika nchi yetu akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya watu walioapa kwamba wameona kwa macho yao. Waliona taa kweli. Uchawi waliuongeza wenyewe, na mimi kwa kicheko changu nilifunga njia ya kuutafuta ukweli.

Mama Kanisa ametuonesha njia iliyo bora. Mwaka 1858 kule Lourdes, Bernadeta, msichana wa miaka 14, mwanzoni hakusema amemwona Bikira Maria. Kwa lugha ya kwao alisema ameona "kile kitu". Alihojiwa na polisi, akashinikizwa, akabaki na kile alichokiona. Askofu naye hakumkebehi, wala hakuharakisha. Alichunguza, na tamko lake lilitoka mwaka 1862. Hata mwongozo mpya uliotolewa Vatikano Mei 2024 kuhusu matukio ya namna hiyo unawataka maaskofu wachunguze kwa uangalifu, bila haraka ya kutangaza kwamba jambo limetoka mbinguni.

Hata wanasayansi wamefikia busara inayofanana na hiyo. Jopo la watu 16 lililoundwa na NASA lilitoa ripoti Septemba 2023. Halikuona ushahidi kwamba vitu hivi vimetoka sayari nyingine. Lakini lilisema pia kwamba kejeli huwafanya marubani wasitoe taarifa, na bila taarifa hakuna cha kuchunguza.

Basi, mpendwa, wiki hii mtoto akija kukuambia ameona jambo la kumtisha, usimcheke. Mwulize aliona nini, wapi, saa ngapi, na alikuwa na nani. Jirani akija na habari kwamba fulani ni mchawi, mwulize maswali hayohayo, na umsaidie kutenganisha alichokiona na alichokidhani. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na mara nyingi uongo huo huanzia kwa mtu mkweli aliyeongeza neno moja asilolijua.

Na wewe ukiona usichokielewa, usione haya kusema, "Niliona, lakini sijui ni nini." Yule kipofu wa Bethsaida alianzia hapo, na Bwana akaendelea naye.

Nawatakia Dominika njema.