Kuarifu si Kuridhia

Katika mjadala wa uavyaji mimba nchini Marekani mna vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: kuarifu na kuridhia. Jimbo la Minnesota, kwa sheria ya mwaka wa 1981, lilitaka wazazi wote wawili wa msichana asiyetimiza miaka 18 waarifiwe, kisha daktari angoje saa 48. Idhini yao haikuhitajika. Kwetu wanaisimu tofauti hiyo ni bayana. Lakini kwa binti anayelishwa na babaye, taarifa ikishafika nyumbani, kuarifu huweza kugeuka marufuku.

Isitoshe, sheria ilidai aarifiwe hata mzazi aliyekwisha kutalikiwa, ilhali korti ilibaini kwamba takribani nusu tu ya watoto wa jimbo hilo waliishi na wazazi wao wote wawili.

Mwaka wa 1990 Mahakama ya Juu ililikataa sharti hilo likisimama peke yake, ikalikubali pale ambapo msichana anaweza kumwendea jaji badala ya wazazi. Jaji naye hupima iwapo binti amepevuka. Hapo ndipo ninapokwama. Akionekana hajapevuka kiasi cha kujiamulia, huenda akaachwa awe mama!

Siwabezi wazazi, mzazi yeyote angetaka kujua. Ila binti amwaminiye mamaye humweleza pasi na kushurutishwa, na anyamazaye ana hofu aijuayo mwenyewe. Illinois iliifuta sheria kama hiyo mwaka wa 2022, Minnesota ikafuata mwaka wa 2023.