Je, Wajua? Sarafu ya Mfalme Ambaye Hakuvikwa Taji

Sarafu kuukuu ya senti 10 yenye tundu katikati, inayoweza kukutwa Kebirigo, kaunti ya Nyamira, katika kopo au sanduku la wazee, huenda ikawa na jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji. Nchini Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia katika mzunguko, lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki, ambazo hazikubeba sura ya mfalme, zilitolewa kwa jina lake mwaka 1936. Hata hivyo, umaarufu si uadimu: zilitengenezwa kwa wingi, hivyo bei yake kwa kawaida ni ndogo.

Anayetaka kuzitambua achunguze mwaka, jina la mfalme na alama ya kiwanda, yaani herufi ndogo inayoonyesha zilikofuliwa, kama vile H ya Heaton au KN ya Kings Norton, vyote vya Birmingham. Madini nayo yana uzito wake, kwa kuwa shilingi yenye simba ya miaka ya 1921 hadi 1946 ina robo ya fedha halisi, ilhali ile ya kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sarafu ya kale isisuguliwe kwa mchanga wala majivu, kwani mikwaruzo huipunguzia thamani kabisa.