Mabati 35 yamekwenda wapi?

Miongoni mwa barua nilizozipokea mwezi huu ipo moja ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mwenye kampuni ndogo ya kifamilia, na malalamiko yake nadhani si yake peke yake. Anasema kwamba mwisho wa mwaka mhasibu wake alimpa hesabu zinazoonyesha faida nzuri. Kodi akailipa. Faida iliyobaki akaitumia nyumbani, kwa karo za watoto na kuezeka nyumba ya mama yake kijijini. Hakukopa, wala hakutumia hata senti moja zaidi ya ile faida aliyoambiwa ameipata. Lakini aliporudi kununua bidhaa, fedha zake zilitosha kununua chache kuliko za mwaka uliotangulia. Sasa anauliza: mhasibu amemdanganya, au kuna kijana dukani anayemwibia?

Jibu langu ni kwamba huenda hakuna mwongo wala mwizi. Kabla hajamfukuza mtu kazi, naomba achukue karatasi na kalamu tuhesabu pamoja. Nitatumia bidhaa moja tu, bati, na tarakimu za mfano ambazo ni nyepesi hata kwa anayenisikiliza akiwa ndani ya daladala.

Tuseme kampuni ilianza mwaka bila bidhaa. Januari ikanunua mabati 100 kwa shilingi 20,000 kila moja. Mei ikanunua mengine 100, bei ikiwa imepanda hadi 23,000. Oktoba ikanunua 100 ya mwisho kwa 26,000. Jumla ni mabati 300 yaliyogharimu shilingi 6,900,000. Kufika Desemba 31 yameuzwa mabati 200 kwa shilingi 28,000 kila moja, zikaingia shilingi 5,600,000, na ghalani yamebaki mabati 100. Kodi ya pango na mshahara wa kijana wa duka tuviweke kando kwa leo.

Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwenye swali ambalo linaonekana la kitoto: yale mabati 200 yaliyouzwa yaligharimu shilingi ngapi?

Bati halina jina. La Januari na la Oktoba yanafanana, geji moja, urefu mmoja, na kijana wa duka anapomfungia mteja mabati 10 hatazami yaliingia lini. Kama ingekuwa gari, au mkufu wa dhahabu kwa sonara, kila kimoja kingekuwa na bei yake kitabuni na tungemaliza maneno. Kwa bidhaa zinazofanana mhasibu hana budi kuchagua namna ya kudhania, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Njia ya kwanza husema kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka. Wahasibu huiita FIFO. Kwa njia hiyo mabati 200 yaliyouzwa ni yale ya Januari na ya Mei, yaliyogharimu 4,300,000. Ukitoa kwenye mauzo unapata faida ya shilingi 1,300,000, na yaliyobaki ghalani yanaandikwa kwa bei ya Oktoba, 2,600,000.

Njia ya pili, LIFO, ni kinyume chake: kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Yaliyouzwa ni ya Oktoba na ya Mei, yaani 4,900,000. Faida inashuka hadi 700,000, na mabati yaliyobaki yanaandikwa kwa bei ya Januari, shilingi 2,000,000.

Ya tatu ni ya wastani. Unagawa 6,900,000 kwa mabati 300, unapata 23,000 kwa kila bati. Yaliyouzwa yamegharimu 4,600,000, faida ni shilingi 1,000,000 kamili, na yaliyobaki yana thamani ya 2,300,000.

Tazama basi maajabu haya. Duka ni lile lile, wateja ni wale wale, fedha zilizoingia mkobani hazikuongezeka wala kupungua, lakini faida inaweza kuwa laki saba, milioni moja, au milioni moja na laki tatu. Na mhasibu wa kila njia anaweza kuapa kwamba hakusema uongo.

Kuna watu hudhani kwamba njia inafuata jinsi bidhaa zinavyotoka kwa mikono. Si lazima. Muuza maziwa hutoa ya zamani kwanza yasije yakaganda. Mwenye lundo la kokoto huchota juu, pale ilipomwagwa lori ya mwisho. Mafuta ya taa yakimiminwa kwenye pipa yanachanganyika na yaliyokuwemo, na hakuna awezaye kuyatenga tena. Mifano hii inasaidia kukumbuka njia zote tatu, lakini daftarini jambo ni dhana ya bei. Muuza maziwa wa Marekani anaweza kutumia LIFO katika vitabu vyake wala maziwa yake yasigande.

Turudi kwa mwandishi wa barua. Tuseme mhasibu wake alitumia FIFO, akamwonyesha faida ya 1,300,000. Kodi ya mapato ya kampuni, hapa Tanzania na hata kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, kiwango chake cha kawaida ni asilimia 30. Basi anadaiwa 390,000. Zinabaki 910,000, na hizo ndizo alizopeleka nyumbani kwa moyo mkunjufu.

Sasa fungua droo. Ziliingia 5,600,000. Toa kodi 390,000, toa za nyumbani 910,000. Zimebaki 4,300,000, ambazo ni gharama kamili ya yale mabati 200 ya Januari na Mei, na kwa kanuni za vitabu mtaji umerudi wote. Lakini bei ya bati sasa ni 26,000. Fedha hizo zinanunua mabati 165 tu. Ukijumlisha na 100 yaliyoko ghalani anakuwa na 265, wakati mwaka uliopita mtaji wake ulikuwa mabati 300. Mabati 35 yamepotea na mlango haukuvunjwa.

Yamekwenda wapi? Mengine yako juu ya paa la mama yake, mengine yako kwa mtoza kodi. Ili kurudisha mabati 200 aliyouza anahitaji shilingi 5,200,000. Kwa hiyo kati ya 5,600,000 zilizoingia, alichokuwa nacho cha ziada kwa kweli kilikuwa 400,000. Kodi peke yake ni 390,000. Angetaka kubaki na mtaji wa mabati 300, alikuwa huru kutumia shilingi elfu kumi. Narudia: elfu kumi, si laki tisa na elfu kumi.

Nimelisema hili taratibu kwa sababu ndilo jambo lililoyafunga maduka mengi miaka ile ya 1980, mfumuko wa bei ulipokuwa hapa kwetu karibu asilimia 30 kwa mwaka, na Kenya mwaka 1993 ulipovuka asilimia 40. Watu walinyoosheana vidole wakatajana kwa uchawi na wivu, kumbe kila mwaka walikuwa wanakula rafu za duka huku daftari likiwaambia wanakula faida.

Msikilizaji mwepesi wa kuhesabu atasema: basi tutumie LIFO! Faida ingekuwa 700,000, kodi 210,000, na mtu angejizuia zaidi nyumbani. Ni kweli, nami nimejaribu hesabu hiyo: angetumia faida yote iliyobaki baada ya kodi, fedha za droo zingenunua mabati 188. Angepoteza 12 badala ya 35. Si tiba kamili, ila ni nafuu.

Wamarekani waliliona hilo zamani. Sheria yao ya kodi ya mwaka 1938 iliwaruhusu wenye viwanda wachache, wakiwemo watengenezaji wa ngozi na wa metali fulani, kutumia LIFO, na mwaka uliofuata ruhusa ikapanuliwa kwa wafanyabiashara wote. Serikali yao ikaweka sharti moja la busara: anayetumia LIFO kwa mtoza kodi aitumie pia katika taarifa kwa wenye hisa wake. Usilie umaskini kwa mtoza kodi kisha ukajigamba utajiri kwa wenye hisa. Wengi walisita kwa sababu hiyo, maana wakurugenzi hupenda faida inayong'aa. Lakini mwaka 1974 mfumuko wa bei ulipopita asilimia 10 kwao, makampuni mengi yalihamia LIFO kwa wingi. Hadi leo yapo makampuni makubwa huko, Exxon Mobil likiwa mojawapo, yanayoitumia kwa sehemu kubwa ya mali zao.

Kasoro yake ni kwamba mali ya ghalani inabaki daftarini kwa bei za kale. Kampuni iliyoanza LIFO miaka ya 1950 inaweza kuwa na bidhaa zilizoandikwa kwa bei za miaka ya 1950, na anayesoma mizania haambulii kitu. Na siku ghala likipungua sana, zile bei za kale hutoka zote kwa mkupuo, faida ikavimba ghafla bila mtu yeyote kuuza zaidi.

Upande wa Waingereza haukuipenda. Kesi iliyotajwa sana ni ya kampuni ya shaba ya Kanada, Anaconda American Brass, iliyohusu kodi ya mwaka 1947, bei za metali zilipopanda. Mahakama za Kanada ziliipa kampuni ushindi. Mtoza kodi akakata rufaa hadi Baraza la Malkia kule London, nalo katika miaka ya 1950 likaamua kwamba kwa ajili ya kodi hiyo LIFO haikubaliki. Shaba ya zamani ndiyo iliyotumika kiwandani kwanza, na waheshimiwa wale hawakuona sababu ya vitabu kusema vingine.

Wahasibu wa dunia nao walifika huko, ila polepole. Kanuni ya kimataifa ya mali za ghalani, ile ya namba 2, iliporekebishwa mwaka 1993 bado iliiruhusu LIFO. Katika marekebisho ya mwaka 2003, yaliyoanza kutumika Januari 1, 2005, ikaondolewa kabisa. Tanzania ilipoanza kufuata kanuni za kimataifa mwaka 2004, na Kenya iliyotangulia miaka michache, zikajikuta zimefunga mlango huo. Kwa hiyo mhasibu wa mwandishi wetu alikuwa na njia mbili tu, FIFO na wastani, na akishachagua moja hana ruhusa ya kurukaruka kila mwaka kufuata upepo.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sawa kwa wasomaji wa mizania, lakini haukumjali mwenye duka. Aliyepiga marufuku LIFO hakupiga marufuku mfumuko wa bei. Kampuni ya Philips ya Uholanzi, kwa miongo kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili, iliendesha hesabu zake kwa bei ya kununulia upya. Waingereza nao walijaribu kanuni ya namna hiyo mwaka 1980, ikawashinda kwa ugumu wake, wakaiacha. Duka la Kariakoo halina mhasibu wa Philips, lakini linaweza kuwa na daftari la pili.

Daftari hilo halipelekwi kwa mtoza kodi wala kwa mkaguzi. Kila jioni andika bidhaa iliyouzwa, fedha iliyoingia, na pembeni bei ambayo ungeinunulia kesho asubuhi. Bati limeuzwa 28,000, kesho linanunuliwa 26,000, basi ulichopata ni 2,000 na ndani yake kuna kodi. Mwenye duka dogo anayekadiriwa kodi kwa mauzo yake badala ya faida anadhani mambo haya hayamhusu. Yanamhusu vile vile, maana mabati yake nayo yatapungua.

Nimepewa dakika chache, lakini kuna swali la mama mmoja anayeuza simu za mkononi. Bidhaa yake hushuka bei kila toleo jipya likija. Kwake mambo yanageuka: FIFO itamwonyesha faida ndogo, kwa kuwa simu za zamani ndizo zilizonunuliwa ghali. Zaidi ya hapo, kanuni haimruhusu kuziacha simu zake daftarini kwa bei aliyonunulia ikiwa sokoni haziwezi kufika bei hiyo. Achukue gharama, alinganishe na bei atakayopata akishatoa gharama za kuuzia, aandike iliyo ndogo. Inauma kuandika hasara kabla ya kuuza, lakini hasara imeshaingia.

Na yule kijana wa duka? Hesabu zote hizi zinadhania kwamba mabati 100 yaliyoandikwa ghalani yapo kweli. Mwaka 1938 kampuni ya madawa ya McKesson & Robbins ya Marekani iligunduliwa kuwa na bidhaa za karibu dola milioni 10 ambazo zilikuwa kwenye karatasi tu. Tangu hapo wakaguzi huenda wenyewe ghalani kuona bidhaa zikihesabiwa. Mwandishi wa barua na aende Jumapili duka likiwa limefungwa, ahesabu bati moja moja. Akikuta 100, amrudishie kijana heshima yake.