Matembezi ya Wachunguzi wa Mambo ya Kale: Mfano wa Tongoni

Historia ya nchi huandikwa na wataalamu, lakini historia ya kijiji aghalabu hukaa vichwani mwa wazee na katika mawe yaliyofunikwa na majani. Mzee afapo, au jiwe liondolewapo mahali pake, sehemu ya habari hizo hupotea isirudi tena. Ndiyo sababu wenyeji wa miji mingi huungana katika vyama vya historia, wakatembelea magofu ya jirani siku za mapumziko, wakayapima na kuyaandika waliyoyaona na kuyasikia. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii si ngeni. Jarida la Uganda Journal lilianza mwaka 1934, na Tanganyika Notes and Records mwaka 1936. Na makala zake nyingi ziliandikwa na watu ambao kuchunguza mambo ya kale hakukuwa kazi yao ya mshahara.

Magofu ya Tongoni, yaliyo yapata kilomita 17 kusini ya Tanga katika njia ya Pangani, yaonyesha vema jinsi kazi hiyo iwezavyo kufanywa. Pana msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengi yao yenye nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Jina lenyewe ni ushahidi wa kwanza, kwa maana tongo ni mahali palipohamwa. Basi waliopaita hivyo walipakuta pamekwisha kuwa mahame, na yafaa kuuliza mji uliitwaje ulipokuwa hai.

Jibu hutafutwa katika hati. Daftari ya safari ya Vasco da Gama yasema kwamba Januari 1499 Wareno walipiga moto merikebu yao São Rafael katika pwani hii, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Walikaa siku 15 mbele ya mji ulioandikwa Tamugata, wakanunua kuku wengi. Jina hilo ni Mtang'ata katika kinywa cha mgeni, na wataalamu huuhusisha mji huo na magofu ya Tongoni.

Ushahidi wa tatu ni bakuli za kigeni zilizotiwa katika chokaa ya makaburi zamani ya ujenzi. Kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko bakuli iliyojengewa ndani yake. Lakini mchunguzi na aangalie: bakuli nzuri huweza kukaa kabatini miaka mingi kabla ya kupelekwa makaburini, hata kaburi likawa changa kuliko bakuli. Leo pengi hapana bakuli, ila shimo la mviringo tu lionyeshalo mahali ilipokuwa. Richard Burton alipofika hapo mwaka 1857 aliona kaburini kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Nacho pia hakipo pale tena. Hasara hiyo si ya thamani ya kitu peke yake. Bakuli ikiwa ukutani husema habari za kaburi. Ikiisha kung'olewa, husema habari zake yenyewe tu.

Ushahidi wa nne ni maneno ya wazee. Wanachama hawana budi kwanza kubisha hodi kwa wenyeji na kuomba ruhusa, maana makaburi si uwanja wa michezo, na wako watu wafikao huko kuomba dua na kutambika. Maneno ya kila mzee huandikwa kama alivyoyasema, pamoja na siku na mahali, bila kuyasahihisha. Wazee wawili wakihitilafiana, huandikwa yote mawili; kuchagua ni kazi ya baadaye. Thamani ya kuandika mapema yaonekana katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichochapishwa tena Nairobi mwaka 1962. Lau asingaliyaandika aliyoyajua juu ya watawala wa Usambara, mengi yangalizikwa pamoja naye.

Jambo moja limekatazwa, nalo ni kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka kibali kwa kila achimbaye, na katazo hilo lina maana. Tabaka za udongo ni kama kurasa za kitabu kisicho na nakala: azifunuaye huziharibu, na asiyejua kuzisoma huwanyima wajao baada yake.

Basi vyombo vya chama ni vichache: kamba ya kupimia, daftari, kalamu, na kamera ya kupiga picha. Kila mwaka mvua na upepo wa chumvi hula chokaa, na mizizi hupasua kuta. Picha na vipimo vya nguzo iliyosimama leo huenda vikawa ndiyo kumbukumbu yake pekee siku itakapoanguka.