Ukiulizwa 'uko poa?', jibu lako linahesabiwa

Tangu asubuhi umeulizwa hali mara ngapi? Makanga amekurushia 'niaje'. Mama ametuma ujumbe kujua kama umeamka salama. Rafiki yako kazini naye kataka kujua fomu ni gani. Wote umewajibu neno moja tu: poa. Labda kichwa kinakugonga tangu juzi, labda wiki nzima usingizi umekukataa. Lakini poa ni poa, maisha yaendelee.

Sasa ondoka mjini kidogo, twende Turkana. Kutoka Lodwar unashika barabara ya Kalokol, takriban kilomita 60, mpaka upande wa Ziwa Turkana. Hapo kwenye Ghuba ya Ferguson ndipo ilipo Longech, kijiji cha wavuvi kilichokaa juu ya ulimi wa mchanga. Ziwa likijaa, unavuka kwa mashua. Ukifika utasalimiwa 'Ejoka?' nawe utajibu 'Ejok', yaani kuzuri. Ukitaka kuongeza chumvi, unasema 'Ejok noi', kuzuri sana.

Tuseme mhoji wa utafiti wa kitaifa amefika hapo na tableti mkononi. Anamkuta mama akianika samaki juani. Anamuuliza: kwa jumla, unaweza kusema afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya au mbaya sana? Mama anatabasamu. 'Ejok,' anasema. Mhoji anagonga 'nzuri' na kusonga kwa swali linalofuata.

Umeona shida iko wapi? Mhoji ameuliza swali la utafiti. Mama amejibu salamu.

Usidharau swali hilo

Unaweza kusema, kwani mbona wasipime damu na presha waachane na maneno? Swali zuri. Ila lile swali fupi la 'afya yako ikoje' lina nguvu ambayo hata madaktari liliwashangaza. Mwaka 1982 watafiti Jana Mossey na Evelyn Shapiro walichapisha matokeo yao kuhusu wazee wa jimbo la Manitoba, Kanada. Wale waliosema afya yao ni mbaya walikuwa katika hatari ya kufa mapema karibu mara tatu kuliko waliosema ni nzuri kabisa, hata baada ya kuzingatia yale ambayo rekodi za matibabu zilionyesha. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walikusanya tafiti 27 za aina hiyo, na nyingi zilielekea upande huohuo. Mwili unajua mambo ambayo faili la hospitali halina.

Halafu kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayomhusu yule mama wa Longech. Rejista ya zahanati inamjua mtu aliyefika zahanati peke yake. Aliyebaki nyumbani kwa sababu hana nauli ya boda, au upepo umechafua ziwa na mashua haziendi, hayumo. Hakuna chombo kingine cha kumpata ila mtu kwenda mlangoni pake na kumuuliza.

Na pesa zinafuata hesabu. Katika fomula ya tatu ya kugawia kaunti fedha, ambayo Seneti iliipitisha mwaka 2020, afya ilipewa uzito wa asilimia 17. Sehemu ya kipimo hicho cha afya ilikuwa idadi ya ziara za wagonjwa kwenye vituo. Fikiria hapo: mahali ambapo kituo kiko mbali na watu hawafiki, ziara ni chache. Ukitazama ziara peke yake utadhani watu ni wazima.

Ndiyo maana utafiti wa serikali kuhusu matumizi ya kaya katika afya, uliofanywa 2003, 2007, 2013 na 2018, huuliza watu nyumbani kwao: uliugua katika wiki nne zilizopita? Ulitafuta matibabu? Kama hukutafuta, kwa nini?

Wachache wanasemea wengi

Huenda hujawahi kuulizwa hata siku moja. Ni kawaida. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulihoji kaya 37,911, wanawake 32,156 na wanaume 14,453 kutoka kaunti zote 47. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu kaya zaidi ya milioni 12. Piga hesabu ya haraka: kwa wastani kaya moja iliyohojiwa ilisemea kaya kama 320. Mama mmoja akisema 'ejok' ya adabu, si yeye peke yake aliyeandikwa mzima. Majirani ambao hawajui hata kama kuna utafiti wameandikwa pamoja naye.

Mazoea huficha ugonjwa

Tatizo si adabu tu. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floraidi nyingi. Floraidi ikizidi, meno ya mtoto hugeuka kahawia, na baada ya miaka mingi hata mifupa na viungo huweza kuathirika. Sasa kama rafiki zako wote wana meno ya kahawia, na wazee wote unaowajua wanainuka kwa taabu, utaita huo ugonjwa? Utasema ndivyo watu walivyo.

Au chukua ugonjwa wa hidatidi, unaotokana na mayai ya minyoo ya mbwa. Kaskazini mwa Turkana ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani, na Amref ilianzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Vifuko vya maji hukua polepole ndani ya mwili, mara nyingi kwenye ini, kwa miaka mingi bila maumivu. Mashine za ultrasaundi zilipopelekwa vijijini, walipatikana watu wenye vifuko hivyo ambao hawakuwa wamejihisi wagonjwa. Ungewauliza siku moja kabla, wangekuambia wako sawa, na wasingekuwa wanadanganya.

Mwanauchumi Amartya Sen aliandika juu ya jambo hili mwaka 2002 katika jarida la madaktari la Uingereza. Nchini India, watu wa jimbo la Kerala huishi miaka mingi kuliko wa Bihar, lakini wa Kerala ndio waliokuwa wakiripoti magonjwa zaidi. Wamarekani nao waliripoti zaidi ya hao wote. Aliyesoma na anayefikia daktari anajua kipi si cha kawaida. Aliyenyimwa hivyo viwili huita maumivu maisha.

Kwa hivyo ramani ya 'afya nzuri' inaweza kuwa ramani ya watu waliozoea kuteseka.

Swali likibadilika, nchi inabadilika

Hata maneno ya swali yana uzito. Sensa ya 2009 iliripoti kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Ya 2019 ikasema asilimia 2.2. Je, watu walipona? Hapana. Mwaka 2019 waliohesabiwa ni wenye umri wa miaka 5 na zaidi, na namna ya kuuliza ilibadilika: unapata ugumu wowote kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Majibu yalikuwa manne, kuanzia hakuna ugumu hadi siwezi kabisa. Aliyesema 'ugumu kiasi' hakuingia kwenye ile asilimia 2.2.

Ukienda Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, mambo yanazidi kuwa magumu. Kambi hiyo ipo tangu 1992 na ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Swali moja lazima lipite lugha nyingi, na kila mkalimani ana mizani yake ya 'wastani'. Tena tafiti nyingi za kitaifa huwaacha wakimbizi nje, ndiyo sababu Benki ya Dunia na shirika la UNHCR walifanya tafiti zao Kalobeyei mwaka 2018 na Kakuma mwaka 2019.

Watafiti wamebuni dawa kiasi. Mojawapo ni kukusimulia kisa kwanza: mvuvi fulani anaumwa mgongo kila akivuta nyavu, lakini kazini huenda. Wewe unamweka wapi, ugumu kiasi au mkubwa? Ukishajibu kuhusu yule, wanajua kipimo chako, kisha wanasoma jibu lako juu yako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitumia njia hii katika utafiti wake wa 2002 hadi 2004 uliofika nchi 70. Dawa nyingine ni kuachana na 'uko poa?' na kuuliza mambo ya kushikika: jana ulibeba maji? Uliamka usiku kwa maumivu? Mtoto ameharisha wiki hizi mbili?

Na wewe je?

Una nafasi tatu hapa. Mhoji akija kwako, achana na jibu la salamu. Fikiria wiki zako nne zilizopita, useme ukweli, pamoja na ile dawa uliyokosa kununua.

Akija kwa nyanya yako nawe ukaombwa kutafsiri, tafsiri swali, usijibu wewe. Wengi wetu tunamkata mzee maneno: 'Ah, huyu yuko sawa, ni miguu tu.' Hiyo 'miguu tu' ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

Na sensa ijayo, 2029, ukipata kibarua cha ukarani, soma swali jinsi lilivyoandikwa. Mama akisema 'ejok', mpe muda. Mrudie taratibu, umsomee majibu yote. Foleni ya nyumba zilizobaki itakusukuma, jua litakuchoma, na kugonga 'nzuri' ni sekunde moja. Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama hakukusudia kuficha. Alisalimiwa, akaitikia.