Viputo vya gesi baharini: Chanzo chake hutambuliwaje?

Karibu na mji wa Santa Barbara, jimboni California, Marekani, viputo vya gesi hububujika usiku na mchana kutoka sakafu ya bahari, katika eneo liitwalo Coal Oil Point. Wachumash, wenyeji wa kale wa pwani hiyo, waliziba mitumbwi yao kwa lami itokayo humo tangu kabla ya visima vya mafuta kuchimbwa.

Kwa nchi zinazotafuta gesi, ikiwamo Tanzania, viputo vya namna hiyo huamsha matumaini. Hata hivyo, kisima kimoja katika bahari kuu hugharimu mamilioni ya dola, hivyo chanzo cha gesi hakina budi kujulikana kwanza.

Vyanzo ni viwili. Cha kwanza ni vijidudu viishivyo katika matope yasiyo na oksijeni, ambavyo huozesha mabaki ya viumbe na kutoa methani iliyo karibu safi. Cha pili ni joto: mabaki yaliyofukiwa kilometa kadhaa chini ya ardhi huvunjika kwa joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi, yakatoa methani pamoja na ethani na propani.

Ushahidi umo katika kaboni, ambayo ina aina nyepesi, kaboni 12, na nzito, kaboni 13. Vijidudu hupendelea ile nyepesi. Kwa hiyo, ikilinganishwa na kipimo cha kimataifa, methani yao kwa kawaida hupungukiwa na kaboni 13 kwa zaidi ya sehemu 60 katika kila 1,000. Ile ya joto, kwa sehemu 30 hadi 50 hivi.

Kipimo kimoja hakitoshi. Gesi hizo huchanganyika, na bakteria walao methani njiani huacha kaboni nzito, hata gesi ya matopeni ikafanana na ya kina kirefu. Ndiyo maana wataalamu hupima pia kiasi cha ethani na propani.

Gesi ya Coal Oil Point ni ya joto, kutoka miamba ya Monterey. Mwaka 1999 watafiti walieleza kuwa viputo vilipungua kandokando ya jukwaa la Holly, kwa kuwa uchimbaji ulishusha shinikizo ardhini.

Lakini gesi ya vijidudu nayo si ya kudharauliwa: hifadhi kubwa ya Leviathan, iliyogunduliwa nje ya pwani ya Israeli mwaka 2010, ni ya aina hiyo. Viputo peke yake, basi, havithibitishi utajiri; vipimo vya maabara ndivyo vinavyoonyesha mahali pa kuutafuta.