Mbishi hana bandari

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuamua mdahalo katika shule moja ya upili. Mada ilikuwa kwamba shule za bweni ni bora kuliko za kutwa. Msichana mmoja wa upande wa upinzani alitoa hoja nzito: kwamba mtoto wa bweni huenda akafaulu mtihani lakini akawa mgeni kwao. Mvulana aliyemfuata hakuijibu. Alimkejeli kwa kuchanganya sauti za r na l, ukumbi ukaangua kicheko, nami nikampa mvulana yule ushindi. Hadi leo alama zile zinanisuta.

Kiswahili hakikosi majina ya watu wa namna hii. Apingaye kila neno ni mbishi. Asiyekubali hata baada ya kuuona ukweli ni mkaidi. Nayo maneno yenye sura ya hoja ilhali ndani mna udanganyifu huitwa safsata. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wayunani, ambao miongoni mwao walikuwapo walimu waliotoza ada kufunza ufasaha wa kusema. Katika kitabu chake Euthydemus, Plato anawachora ndugu wawili walio tayari kuipinga kauli yoyote, iwe ya kweli au ya uongo. Naye Mjerumani Arthur Schopenhauer, aliyefariki mwaka wa 1860, aliacha orodha ya hila 38 za kushinda mabishano. Hila ya mwisho ni kumvunjia mpinzani heshima pindi uonapo kwamba umelemewa. Hiyo ndiyo niliyoituza mimi.

Hata hivyo, kitenzi kubisha chenyewe hakina hatia. Mabaharia wa pwani yetu hukitumia kwa chombo kiendacho dhidi ya upepo: nahodha huelekeza tanga huku na huku, akasonga mshazari, hadi afike bandarini. Mgeni naye hubisha hodi, kisha akanyamaza kungoja jibu. Mbishi wa ukumbini hugeuza tanga vivyo hivyo, ila hana bandari aiendeayo. Hugonga mlango, ila hangoji kuitikiwa.

Walimu wenzangu, tukituza vicheko tutavuna wabishi, na kesho hao ndio watakaoketi katika mabaraza na mabunge yetu. Tumtuze pia mwanafunzi anayethubutu kusema, "Hapo umenishinda." Wahenga walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama, kukiri kosa si fedheha.

Iwapo nitaketi tena katika kiti kile cha uamuzi, nitamsimamisha kila msemaji kwa swali moja tu: mwenzako amesema nini, nawe umemjibu nini? Asiyeweza kulijibu hatapata alama kwangu, hata ukumbi mzima ukimshangilia.